Maili za ndege na sahani ya dereva: Nani huchagua tiketi, nani hulipa?

Katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, abiria haamui basi litasimama wapi kwa chakula. Anayeamua ni dereva, na aghalabu hoteli anayoichagua humwandalia yeye na utingo wake sahani ya bure. Abiria huteremka, hulipia chai na chapati kwa bei ya barabarani, kisha hurejea garini wakinung'unika. Hakuna aliyewalazimisha kununua. Lakini pia hakuna aliyewauliza iwapo wangependa kusimama kilomita kumi mbele, ambako chai ni nafuu.

Wakazi wa Kambu wanaujua mtindo huu kuliko wengi. Mji wao uko kando ya barabara hiyo, katika eneobunge la Kibwezi Mashariki, kaunti ya Makueni, zaidi ya kilomita 200 kutoka Nairobi. Mabasi mengi ya masafa marefu hupita hapo bila hata kupunguza mwendo, kwa kuwa meza ya dereva imetandikwa mbele, Mtito Andei. Wachuuzi wa Kambu wanaweza kuwa na embe tamu zaidi na bei nafuu zaidi, lakini hilo halisaidii kitu ikiwa mwenye kushika usukani ameshapata riziki yake kwingine.

Juu ya mji huo hupita pia ndege za safari za Nairobi na Mombasa. Abiria aliyeketi humo, hasa yule anayesafiri mara kwa mara na kadi ya heshima mfukoni, huenda akadhani kwamba mambo ya sahani ya dereva ni ya watu wa chini huko barabarani. Ukweli ni kwamba mipango ya zawadi inayoendeshwa na kampuni za ndege, ile inayompa abiria maili au pointi kwa kila safari, imejengwa juu ya msingi huo huo. Humtuza anayechagua, na mara nyingi anayechagua si yule anayelipa.

Ili kulielewa jambo hili, ni vyema kwanza kutazama jinsi safari zinavyouzwa katika ukanda huu huu. Reli ya kisasa inapita sambamba na barabara, na vituo vya karibu na Kambu ni Kibwezi na Mtito Andei. Gari la moshi la Madaraka Express lilipoanza kubeba abiria Juni 2017, nauli ya safari nzima baina ya Nairobi na Mombasa ilikuwa ya aina mbili tu: Sh700 kwa daraja la kawaida, bei iliyotangazwa kuwa ya kuanzia, na Sh3,000 kwa daraja la kwanza. Mnamo Januari 1, 2024, daraja la kawaida ambalo tayari lilikuwa limefika Sh1,000 lilipandishwa hadi Sh1,500, nalo la kwanza likafika Sh4,500. Nyongeza hiyo iliwauma wengi. Hata hivyo, haikumficha mtu jambo lolote. Watu wazima wawili walioketi kiti kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli walijua kwamba wamelipa kiasi kile kile, awe mmoja alikata tiketi mwezi uliopita na mwingine jana.

Katika ndege mambo si hivyo kamwe. Watu sita walioketi safu moja wanaweza kuwa wamelipa bei sita, na kila mmoja akawa amefungwa na masharti yake.

HERUFI KWENYE TIKETI

Asili ya mtindo huo ni Marekani. Mwaka 1977, kampuni ya American Airlines ilianza kuuza nauli nafuu iliyoiita Super Saver, na mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria iliyoondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli za ndege. Kampuni changa zikajitokeza kwa bei za kutupa, mojawapo ikiwa People Express. Jibu la American Airlines, mwezi Januari 1985, lilikuwa nauli nyingine ya chini zaidi, Ultimate Super Saver, lakini yenye masharti: tiketi inunuliwe mapema, na msafiri alale huko aendako usiku wa Jumamosi.

Sharti hilo la Jumamosi lilikuwa na ujanja mkubwa. Mtu anayekwenda kumsalimu mama yake au kutazama bahari hana tatizo kulala ugenini mwisho wa wiki. Mfanyabiashara anataka kuwa nyumbani kwake ifikapo Ijumaa jioni. Kwa hiyo, bila kumuuliza mtu yeyote kipato chake, kampuni iliweza kuwatenga wenye haraka na wasio na haraka, ikawatoza wa kwanza bei kamili na kuwaachia wa pili viti ambavyo vingebaki vitupu. People Express haikuhimili kishindo hicho, na kufikia mwaka 1987 ilikuwa imemezwa na kampuni nyingine.

Tangu hapo, kila tiketi ya ndege hubeba herufi. Kwa desturi, Y ni nauli kamili ya daraja la kawaida na J ni ya daraja la biashara. Kati yao kuna utitiri wa herufi nyingine ambazo maana yake hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kiti ni kile kile, chakula ni kile kile, rubani ni yule yule. Kinachotofautiana ni haki za mwenye tiketi: kama anaweza kubadilisha siku, kama atarudishiwa fedha akighairi, atabeba mizigo mingapi, na atapewa maili ngapi. Abiria wengi huitazama bei na saa ya kuondoka, kisha wakaiacha herufi hiyo ipite kama kwamba ni namba ya karani.

Nchini Kenya, biashara ya nauli nafuu ilipata sura mpya mwaka 2006 ilipoingia kampuni ya Fly540, ambayo jina lake lilitokana na nauli ya Sh5,540 ya kwenda na kurudi. Mwezi Aprili 2014, Kenya Airways ilizindua kampuni yake tanzu, Jambojet, kwa nauli iliyoanzia Sh2,850 kwa safari ya upande mmoja. Ndipo wengi walipojifunza somo la herufi kwa njia ya uchungu, maana bei iliyotangazwa ni ya anayenunua mapema, na anayetaka kupakia begi chini ya ndege hulipia begi hilo kando. Mkazi wa Kambu aliyezoea basi, ambako gunia la ndengu hupanda kwa maafikiano baina yake na utingo, aliona ajabu kuambiwa kwamba nauli yake haikujumuisha nguo zake.

Mipango ya zawadi ilikuja kuongezea kiraka juu ya nguo hiyo. Kampuni ya Texas International ilijaribu wa kwanza mwaka 1979, lakini ulioenea na kuigwa duniani kote ni AAdvantage wa American Airlines, ulioanzishwa Mei 1, 1981. Fikra yake ilikuwa nyepesi. Kompyuta za kampuni zilikuwa zimeshaanza kuwatambua watu wanaorudi mara kwa mara, na ilionekana ni bora kuwafunga watu hao kwa zawadi kuliko kuwagombania upya kila wiki kwa kupunguza bei. Bei ikishushwa, humfaidi kila mtu, na mpinzani hujibu siku hiyo hiyo. Maili humfaidi mteja wako peke yake, na thamani yake hupotea akikuhama.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, majina ya mipango hiyo ni ya kawaida kama majina ya mitaa. Emirates iliunda Skywards mwaka 2000. Ethiopian Airlines ina ShebaMiles, nayo Qatar Airways ina Privilege Club. Kenya Airways, ambayo KLM ilinunua sehemu ya hisa zake katika miaka ya 1990, ilikuwa kwa miaka mingi ndani ya mpango wa pamoja na Air France na KLM uitwao Flying Blue, na mwaka 2010 ikawa mwanachama kamili wa muungano wa SkyTeam. Katika miaka ya karibuni ilijitoa katika Flying Blue na kuanzisha mpango wake yenyewe, Asante Rewards.

Mabadiliko kama hayo huonekana madogo, lakini kwa aliyekusanya maili kwa miaka kumi ni sawa na mkulima kuambiwa kwamba ghala alilohifadhi mahindi yake limebadilisha mwenyewe. Kanuni huandikwa na kampuni, na kampuni ndiyo huzifuta. Wakenya wana kumbukumbu ya karibu ya jambo hilo. Maduka ya Nakumatt yaliwapa wateja kadi za pointi kwa miaka mingi. Biashara hiyo ilipoporomoka na kuwekwa chini ya msimamizi mwezi Januari 2018, pointi zilibaki kwenye kadi lakini hapakuwa na rafu ya kuzipokea. Hata anayekusanya pointi za Bonga kwenye simu yake, mpango wa Safaricom ulioanza mwaka 2007, anafahamu kwamba pointi hazina kiwango cha ubadilishanaji kinachotangazwa na Benki Kuu.

Pamoja na hayo yote, maili hufanya kazi. Huwafanya watu wenye akili timamu wapande ndege ya saa kumi za alfajiri badala ya ile ya saa tatu asubuhi, au wapitie mji usio njiani, ili tu wasivunje mfululizo wao na kampuni moja. Kinachowavuta sana kuliko tiketi ya bure ni hadhi. Mwenye kadi ya ngazi ya juu hupita foleni fupi, hungoja ndege katika ukumbi maalum wenye viti laini na chai ya bure, huruhusiwa begi la ziada, na ndege ikijaa yeye huwa wa mwisho kuachwa. Hadhi hiyo hufutika baada ya muda asiposafiri vya kutosha, hivyo ifikapo Novemba utakuta baadhi ya watu wakitafuta safari yoyote ile ya kuwafikisha ukingoni.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni namna zawadi na herufi zilivyofungamana. Zamani maili zilihesabiwa kwa umbali. Safari ya Nairobi hadi Amsterdam, ambayo ni zaidi ya maili 4,000, ilileta maili zinazolingana na umbali huo, pungufu kwa nauli za chini na ziada kwa zile za juu. Delta na United za Marekani ziliuacha utaratibu huo mwaka 2015, American ikafuata mwaka 2016, na Flying Blue mnamo Aprili 2018. Kuanzia hapo maili zikapimwa kwa fedha zilizolipwa. Chini ya kanuni za Flying Blue za mwaka huo, mwanachama wa ngazi ya chini alipata maili 4 kwa kila euro ya nauli, naye wa ngazi ya juu kabisa akapata 8.

Hesabu yake ni hii. Mfanyabiashara anayesafiri kwa mara ya kwanza, akilipa kwa mfuko wake nauli ya euro 500, alipata maili 2,000. Afisa mwenye kadi ya ngazi ya juu, akiwa kwenye ndege hiyo hiyo na safari hiyo hiyo kwa tiketi ya euro 1,000 iliyolipwa na mwajiri, alipata 8,000. Aliyejinyima alipata robo ya yule ambaye hakutoa hata senti. Zaidi ya hayo, afisa huyo angechagua tiketi ya euro 500, zawadi yake ingepungua kwa nusu. Kanuni yenyewe, pasipo mtu kumnong'oneza neno, humwelekeza kwenye nauli ghali.

FEDHA ZA UMMA

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la watu wachache wenye kadi za dhahabu na kumgusa mlipa ushuru wa Kambu ambaye hajawahi kupanda ndege. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kila kaunti ina serikali na bunge lake, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimekuwa zikitaja safari za ndani na za nje miongoni mwa matumizi yanayotia wasiwasi kote nchini. Mjadala kuhusu ripoti hizo huishia kwenye marupurupu ya kulala na idadi ya wajumbe walioandamana na kiongozi. Tiketi yenyewe haijadiliwi. Haiulizwi ilikuwa ya herufi gani, ilinunuliwa siku ngapi kabla ya safari, ni kampuni gani nyingine zilikuwa na kiti siku hiyo, na maili ziliingia katika akaunti ya nani.

Swali hilo la mwisho si la kinadharia. Katika mipango mingi, maili huingia kwa jina la aliyeketi kitini, hata kama fedha zilitoka Hazina ya Taifa. Ibara ya 76 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni zawadi kwa Jamhuri, na inapaswa kukabidhiwa serikali isipokuwa pale sheria ya Bunge inaporuhusu vinginevyo. Ibara hiyo haitaji maili. Mtu anaweza kudai kwamba maili ni punguzo la bei na wala si zawadi. Dai hilo, hata likikubaliwa, linaleta swali gumu zaidi: punguzo la bei ni haki ya nani kama si ya aliyelipa bei?

Ujerumani ililikabili jambo hili hadharani mwaka 2002. Ilibainika kwamba wanasiasa kadhaa walikuwa wametumia kwa safari za binafsi maili walizozipata katika mpango wa Lufthansa kwa kusafiri kikazi, ilhali utaratibu wa Bunge uliwataka wazitumie kwa safari za kazi. Mwezi Julai mwaka huo, Cem Özdemir wa chama cha Kijani aliacha wadhifa wake wa usemaji bungeni, naye Gregor Gysi akajiuzulu kama waziri wa uchumi wa jimbo la Berlin. Kiasi kilichohusika hakikuwa kikubwa kwa viwango vya kashfa ambazo Wakenya wamezizoea. Özdemir alirejea katika siasa baadaye na kuwa waziri wa kilimo wa nchi nzima mwaka 2021. Lakini kanuni ilikuwa imesemwa kwa sauti.

Marekani ilichukua njia ya pili. Hadi mwaka 2001, maili za safari za kikazi zilikuwa mali ya serikali, na watumishi walitakiwa kuzirudisha. Sheria iliyopitishwa mwezi Desemba mwaka huo iliwaruhusu kubaki nazo. Hoja iliyoshinda ni kwamba kuzifuatilia kulikuwa kazi ngumu yenye faida haba, na kwamba anayelala viwanjani kwa ajili ya serikali anastahili kifuta jasho. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, watumishi wa serikali ya Marekani wamewekewa nauli za mkataba zilizoafikiwa mapema baina ya serikali na kampuni za ndege, na wanatakiwa kuzitumia isipokuwa kwa sababu maalum. Kwa maneno mengine, dereva ameachiwa sahani yake, lakini hoteli imeshachaguliwa na mwenye basi.

Norway nayo ilikwenda mbali zaidi, kwa sababu nyingine. Mwaka 2002 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliizuia SAS kutoa pointi katika safari za ndani, kwa kuwa kampuni moja kubwa iliyotanda nchi nzima, ikiwa na pointi mkononi, ingemzuia mgeni yeyote kuingia sokoni hata akija na bei ya chini. Marufuku hayo baadaye yalipanuliwa kugusa kampuni zote, na hayakuondolewa hadi mwaka 2013. Katika kipindi hicho kampuni ya Norwegian ilikua na kuwa mshindani wa kweli.

Mfano wa Norway unafaa kutazamwa kwa makini nchini Kenya, ambako njia za Mombasa na Kisumu zimeona kampuni kadhaa zikiingia na kutoka. Si haki kusema kwamba maili ndizo zilizoziua, kwani bei ya mafuta, madeni na uchache wa ndege vimeua nyingi zaidi. Lakini mgeni anayekuja na ndege mbili hawezi kumpa abiria ukumbi wa Nairobi, daraja la juu hadi Paris na tiketi ya bure ya Krismasi. Anachoweza kumpa ni bei ya chini. Na bei ya chini haimsisimui mtu ambaye bei hailipi yeye.

Itakuwa makosa, kwa upande mwingine, kudhani kwamba dawa ni kumlazimisha kila afisa anunue tiketi ya bei ya chini kabisa. Mkutano wa Nairobi huahirishwa. Anayetoka Kambu asubuhi akitarajia kuwahi ndege katika uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA) anaweza kukwama nyuma ya msururu wa malori kwa saa mbili. Tiketi ya herufi ya chini isiyobadilishika, ikitupwa mara mbili, huwa imegharimu kuliko ile ya wastani iliyoruhusu kubadilisha siku. Afisa anayechagua nauli inayobadilishika kwa sababu ratiba yake haina hakika amechagua vyema. Tatizo ni kwamba karatasi ya malipo haiwezi kumtofautisha na yule aliyeichagua kwa ajili ya maili, kwa sababu wote wawili wataandika sababu moja.

Aidha, yupo wakala. Idara za serikali na kaunti aghalabu hununua tiketi kupitia kampuni za uwakala zilizoshinda zabuni. Pale ambapo malipo ya wakala hufuata ukubwa wa tiketi, naye ana sahani yake. Na pale anapolipwa baada ya miezi mingi, jambo ambalo si geni kwa wanaofanya biashara na kaunti, huongeza bei ili kufidia kusubiri. Basi moja, madereva wawili.

MWENYE MIZIGO

Kuna msafiri mwingine wa Kambu, ambaye kampuni za ndege humhitaji sana ingawa hazimtangazii kadi ya dhahabu. Huyu ni kijana wa kike au wa kiume anayekwenda Saudi Arabia, Qatar au Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani, ulinzi au udereva. Wapo wa Makueni na wapo wa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Safari yake kwa kawaida ni moja ya kwenda na moja ya kurudi katika mkataba wa miaka miwili. Tiketi hununuliwa na mwajiri au wakala wa ajira, na mara nyingi huijua siku chache kabla ya kuondoka, ikiwa ni ujumbe wa simu wenye jina lake na herufi asizozielewa.

Kwake yeye, hesabu ya maili haina maana kubwa. Maili za Skywards kwa kawaida hufa baada ya miaka 3. Anayesafiri mara mbili katika miaka miwili, akapumzika nyumbani na kuondoka tena, atakuta zile za safari ya kwanza zinakaribia kufutwa kabla hazijatosha kununua chochote cha maana. Hata hivyo kujiandikisha ni bure, na kampuni nyingi humruhusu mtu kudai maili za safari iliyopita kwa muda wa miezi kadhaa. Wachache hufanya hivyo. Mawakala hawana sababu ya kuwaambia.

Kinachomhusu ni masharti mengine mawili ya herufi ile. La kwanza ni kilo. Katika njia nyingi za Afrika, tiketi za daraja la kawaida huruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, ilhali nauli za chini zaidi huruhusu moja. Tofauti hiyo ya kilo 23 ndiyo blanketi la mama, viatu vya watoto na sufuria alizozinunua kidogo kidogo kwa miaka miwili. Huko kaunta ya uwanja wa ndege, ada ya begi lisiloruhusiwa inaweza kuzidi thamani ya vitu vilivyomo, na ndiyo maana watu huonekana sakafuni wakifungua mabegi na kuvaa makoti matatu. Mwenye kadi ya ngazi ya juu, anayesafiri na mkoba mmoja wa kompyuta, ameruhusiwa begi la ziada ambalo halihitaji.

Sharti la pili ni siku. Kazi ya ughaibuni haina ratiba ya kuaminika. Mzazi huugua, mwajiri hubadilisha nia, au mfanyakazi huona mateso na kutaka kurejea upesi. Tiketi ya kurudi isiyobadilishika, iliyonunuliwa kwa sababu ilikuwa nafuu kwa mlipaji, hugeuka karatasi tupu siku hiyo, na familia Kambu huanza kuchanga nauli mpya inayonunuliwa dakika ya mwisho, yaani ile ghali kabisa. Hapa sahani ya dereva imegeuka upande. Anayelipa ndiye aliyechagua, akajichagulia unafuu, na gharama ya masharti ikamwangukia asiyeulizwa. Serikali ya Kenya, inapojadiliana na nchi za Ghuba kuhusu mikataba ya wafanyakazi, imezungumzia mshahara na makazi. Neno moja kuhusu aina ya tiketi ya kurudi lingeigharimu kidogo sana.

Ndege nyingi kutoka Ghuba hutua JKIA usiku au alfajiri. Uwanja huo uko karibu na barabara ya Mombasa, kwa hivyo anayerudi Kambu hana haja ya kuingia jijini. Huvuta mabegi yake hadi kituoni na kungoja basi la kwenda Pwani. Utingo huyatazama mabegi, huyainua kidogo kwa mkono kuyapima, kisha hutaja bei. Mwenye mizigo naye hutaja ya kwake, na wawili hao hubishana hapo kando ya barabara hadi waafikiane.